Mstari Mmoja wa Jina la Mama

Mwanangu Domitila,

Sianzi kwa salamu, maana asubuhi hii tumesalimiana mlangoni, wewe ukiwa na kikombe cha uji mkononi na kiatu kimoja mguuni, ukiwahi lori la Busunzu kwenda kumuaga Bibi. Utarudi jioni. Basi la Kigoma linaondoka kesho alfajiri, na najua jioni hii nyumba itajaa majirani, kila mmoja na neno lake la kukupa, nami nitakuwa mtu wa kumimina chai. Ndiyo maana nakuandikia sasa, saa tisa alasiri, madaftari ya darasa la saba nimeyasukuma pembeni ya meza.

Habari za baridi, chakula na sanduku sitazigusa. Mama Zuberi wa dukani amekwisha kukueleza mara tatu kuhusu soksi za sufu, na yeye mwenyewe hajawahi kuvuka Tabora. Wengine watamalizia. Barua hii nitaiweka katika bahasha ya karatasi zako, nyuma ya pasi yenye muhuri wa kibali cha ukaazi cha Ubelgiji, ili uikute ukiwa kwenye treni, mahali ambapo huwezi kurudi kunigombeza.

Ninachotaka kukuambia ni hiki: kibali hicho nusura usikipate, na aliyekaribia kukukosesha ni mimi. Mara mbili. Mara ya kwanza ulikuwepo lakini hukuelewa. Mara ya pili hukuwepo, na mpaka leo hujui.

Mara ya kwanza ulikuwa na miaka saba, umesimama dirishani unawatazama kuku wa mwalimu mkuu. Nami nilikuwa na miaka kumi na tisa, ndiyo kwanza nimetoka chuoni, nimepangiwa shule ya kijiji nje ya Kasulu. Siku ya kuandikisha darasa la kwanza mwalimu mkuu alinipa daftari la majina nilijaze, kwa kuwa mwandiko wangu ulikuwa mzuri kuliko wake. Jina la mtoto. Jina la baba. Jina la mama. Kwa baba niliandika jina la baba yako, ingawa alikwenda Tanga kukata mkonge kabla hujaota meno na hakuna aliyejua kama yu hai. Kwa mama nikaandika jina langu.

Mwalimu mkuu alisoma, akanitazama juu ya miwani.

"Mwalimu Skolastika, mtoto ana saba, wewe una kumi na tisa."

"Ndiyo, mwalimu."

"Basi ulianza mapema."

"Ni mtoto wa dada yangu. Dada amefariki."

"Sasa si uandike dada?"

"Dada hatakuja siku ya wazazi," nikamjibu.

Akacheka kwa pua, akagonga muhuri. Shule ile haikuwa ya misheni. Ingekuwa ya misheni ningefukuzwa kabla ya mchana.

Kwa miaka mingi nilijiambia kwamba niliandika vile kwa sababu ya desturi. Kwetu dada wa mama ni mama, na mtoto hahesabiwi kuwa yatima maadamu mmoja wao anapika. Ni kweli, lakini si sababu yangu. Nilikuwa nimesoma. Nilijua mstari ule unauliza nani alikuzaa. Niliandika jina langu kwa makusudi, na sababu zilikuwa mbili. Moja nasema bila aibu, ya pili kwa aibu.

Ya kwanza ilikuwa baba yako mkubwa wa Kasanda. Mahari ya Melania ilitolewa yote, ng'ombe walionekana na kila mtu, kwa hiyo kwa haki ya kimila wewe ulikuwa wa kwao. Baada ya Melania kufariki alikuja mara mbili kukuchukua. Alikuwa na wake wawili na watoto wachanga watatu wa kubebwa, na hakuna mtu aliyeniambia kwamba huko kuna shule. Alipokuja mara ya tatu nilimwonyesha daftari lenye muhuri. "Shuleni ameandikwa wangu," nikasema. Akacheka sana yule mzee. "Karatasi haizai, mwalimu," akaniambia. Lakini aliondoka bila wewe, na sikuwahi kujua kama alishindwa na karatasi au na macho ya Bibi, aliyekuwa amekaa mlangoni na jembe magotini.

Sababu ya pili ni kwamba nilitaka uwe wangu peke yangu. Melania alikuwa ananizidi miaka minane. Alinibeba mgongoni nilipokuwa mdogo. Alikuwa anacheka mpaka anakaa chini. Malale yalipomwanza hatukujua ni malale, tulimwona mvivu. Analala mchana, anaamka akiwa mkali, uji unamwagika mkononi mwake. Mimi nilikuwa bweni. Niliporudi likizo hakunitambua. Alikuita wewe kwa jina langu, mimi akaniita mgeni. Mwezi uliofuata tulimzika. Nilikuwa na hasira naye kwa kufa, kama watoto wanavyokasirika, na miaka miwili baadaye nikiwa na kalamu mkononi nilimfuta. Hayo ndiyo niliyoyafanya. Nilimfuta dada yangu kwa wino wa bluu, nikajiita mama mwema.

Kuanzia hapo jina langu lilikufuata. Shule ya kati, sekondari, chuo kikuu, kila karani alinakili kutoka kwa karani aliyetangulia. Wewe ulijua ukweli, sikukuficha hata siku moja. Kaburi la Melania tulilipalilia pamoja. Lakini ukweli tulionao nyumbani hatukuupeleka ofisini, na hatukudhani kwamba siku moja ofisi mbili zitakutana.

Nakumbuka kosa jingine la miaka hiyo, na hili nalo nataka liwe kwenye barua hii. Ulikuwa na miaka kumi. Bwana mkaguzi wa kile kizuizi cha mbung'o barabarani alikuwa amekuzoea. Lori likisimama anazunguka na wavu wake akinasa mbung'o waliodandia, wewe unamfuata nyuma, na waliokufa anakupa. Nikakuta chini ya kitanda chako viberiti kumi na viwili, vyote vimejaa mbung'o wakavu. Mbung'o, Domitila, chini ya kitanda cha mtoto wa Melania. Sikuuliza kitu. Nilivitupa vyote katika moto wa jikoni, kisha nikakuchapa. Hukulia kwa kuchapwa. Ulilia baadaye, ukasema, "Nilikuwa nimewapa namba." Nikaenda kuangalia daftari lako la hesabu. Kurasa za nyuma ulikuwa umechora mistari kwa rula: namba, siku, lori la kutoka wapi, dume au jike. Umri wa miaka kumi.

Sikukuomba radhi siku ile. Nakuomba leo. Ile orodha yako niliichana kwenye daftari nikaihifadhi, na ipo ndani ya bahasha hii. Wapelekee huko kwenye maabara ya mbung'o. Waambie ndiyo kazi yako ya kwanza na kwamba vielelezo viliungua kwa ujinga wa mzazi.

Wapo watakaosema unakwenda Ubelgiji kulipiza kisasi cha mama yako. Wameshasema. Lakini mimi nilikusikia mwenyewe ukimjibu padri pale nje ya kanisa: "Hapana, baba. Nampenda tu. Ni mdudu mzuri." Nami niligeuka upande ili padri asione ninavyojivuna. Ulikataa kufanya kazi kwa chuki hata pale ambapo kila mtu angekusamehe kuwa na chuki. Hilo sikukufundisha. Ningependa kusema nilikufundisha.

Sasa nije kwenye mara ya pili.

Ulipopeleka maombi ya kibali ulifunga cheti cha ubatizo kutoka misheni pamoja na karatasi za chuo. Ubatizo unasema mama ni Melania. Chuo kinasema mama ni Skolastika. Ubalozi wakaandika barua, ya adabu kabisa, wakiuliza ni ipi kati ya karatasi hizi iliyo ya kweli, na kama muombaji ni mtu mmoja au wawili. Wakataka kiapo cha mahakama, cha mtu anayejua kuzaliwa kwako na aliyeandikisha jina lile shuleni. Bila hicho hawatoi kibali cha ukaazi. Na ile barua ya maabara unaikumbuka: usipofika na kibali mwanzo wa mwezi wa kumi, nafasi anapewa mwingine.

Wewe ulidhani barua ya ubalozi ilifika siku niliyokupa. Haikufika siku ile. Ilifika siku kumi na tisa kabla, katika sanduku la posta la shule. Ilikuwa na jina lako juu. Niliifungua. Nikaisoma nikiwa nimesimama pale pale posta, kisha nikaiweka ndani ya kamusi yangu, na kamusi nikairudisha kabatini.

Sitajitetea, nitakueleza tu jinsi ilivyokuwa. Asubuhi ninaamka nasema leo nitampelekea habari. Wewe ulikuwa kambini kwenye vichaka vya Moyowosi ukitega mbung'o, safari ya lori la idara ya wanyamapori mara moja kwa wiki. Lori linapita, mimi natazama. Nilijiambia kwamba nasubiri kwanza nizungumze na mtu wa mahakama. Sikuzungumza na mtu. Usomi wangu wote ulinisaidia kutafuta maneno mazuri ya kutofanya kitu. Kuapa mbele ya hakimu kwamba mimi si mama yako. Kusaini. Nilikataa hata kuifikiri sentensi hiyo mpaka mwisho wake.

Ndipo ukaja nyumbani ile Jumapili, umeungua na jua, una chupa ya kioo mfukoni yenye mbung'o jike. Tulikuwa tunakula ugali na maharage. Ukaiweka chupa mezani kati ya mabakuli.

"Huyu ana mimba, mama. Tazama tumbo."

"Toa uchafu wako kwenye chakula."

"Hatagi mayai kama inzi wengine, unajua? Hubeba buu mmoja. Anamnyonyesha humo humo tumboni, ana maziwa kabisa. Anamlea mpaka anakuwa mzito kama yeye mwenyewe. Akimzaa, mtoto anajifukia ardhini saa ile ile, na mama anaruka zake."

"Bila kumtazama?"

"Atamtazamia nini? Kazi ameshamaliza."

Ukacheka, ukaendelea kula. Kisha ukasema, kwa sauti ya kawaida tu, kama mtu anayeomba chumvi: "Kama ubalozi hawajibu, si kitu, mama. Nitaomba kufundisha hapa hapa Kibondo. Tutakaa wote. Nitakupunguzia madaftari."

Nilifurahi, Domitila. Ndilo jambo ninaloona aibu kuliko yote. Furaha ilinijia kifuani kabla sijaweza kuizuia, nikaona meza hii ikiwa na viti viwili miaka yote. Na papo hapo nikaiogopa. Niliijua ile furaha. Ndiyo iliyoshika kalamu siku ya kuandikisha. Kabatini nyuma yako kulikuwa na kamusi, ndani ya kamusi maisha yako yamekunjwa mara tatu, na mimi nakula maharage.

Asubuhi nilikupa barua nikasema imefika juzi. Ukasoma, ukaguna. "Mama, wanataka kujua mama yangu ni nani." Ukacheka, nami nikacheka. Ukarudi porini kwenye mitego yako ukiwa na imani kwamba nitamaliza mambo, kama ninavyoyamaliza siku zote. Zilikuwa zimebaki wiki saba.

Siku hiyo hiyo nilimfuata Bibi Busunzu, maana mahakama ilitaka na shahidi mtu mzima aliyekuwepo ulipozaliwa. Alikuwa anapura maharage katika kile kiwanja walichopewa kijiji kilipohamishwa. Nikamweleza yote. Alichosikia ni neno moja.

"Wabelgiji? Wale wa vita ya zamani?"

"Ndio hao, mama."

"Baba yangu aliwabebea mizigo mpaka Tabora. Mwambie Domitila asibebe sanduku lake akifika. Wabebe wao, ni zamu yao."

Kisha akavaa kanga yake ya kanisani tukapanda lori.

Kesho yake mahakamani Kasulu tulikaa kwenye benchi tangu saa mbili mpaka saa sita. Karani alikuwa kijana mwenye shati lililopigwa pasi vizuri, mashine ya chapa mbele yake, na fomu ambayo nadhani aliipenda kuliko watu. Akamuuliza Bibi jina la mama wa mtoto.

"Melania na Skolastika," Bibi akasema.

"Mmoja, bibi."

"Oya, si mmoja. Wawili. Wa kwanza amekufa, wa pili huyu hapa, ana njaa, mmemkalisha tangu asubuhi."

"Bibi, fomu ina mstari mmoja."

"Ongeza mstari. Wino ni wa baba yako?"

Watu wa benchi walicheka, hata yule askari wa mlangoni. Karani hakucheka. Akanigeukia mimi kama mtu msomi mwenzake. "Mwalimu, msaidie mzazi wako aelewe." Nami nilikuwa nimeelewa vizuri sana.

Hakimu alitoka chumbani kwake kwa ajili ya kile kicheko. Mtu mzima, mpole, mwenye kikohozi. Alisoma barua ya ubalozi, akasoma cheti cha ubatizo, akasoma nakala ya daftari la shule. Akaniuliza, "Mwandiko huu wa nani?"

"Wangu."

"Ulikosea?"

Hapo ndipo ningeweza kusema ndiyo, nilikosea, nilikuwa msichana, sikuelewa swali. Angeandika hivyo na tungekwenda zetu. Bibi alikuwa ananitazama. Nikasema, "Hapana. Niliandika nikijua."

"Kwa nini?"

"Nilitaka awe wangu."

Akaisoma tena nakala ya daftari. Nilidhani atanitia ndani kwa kusema uongo kwenye daftari la serikali. Badala yake aliniambia kwamba kiapo si adhabu, ni mahali pa kusema unalolijua wewe mwenyewe, kifungu kwa kifungu, si zaidi na si pungufu. "Sema," akasema, "karani ataandika."

Wewe hujakiona kiapo kile. Kilikwenda ubalozini moja kwa moja kwa posta ya rejesta. Nakala yangu nakuwekea hapa, lakini nataka usikie kwanza kutoka kwangu. Nilisema kwamba mimi Skolastika ni mdogo wake marehemu Melania, aliyemzaa Domitila. Nilisema Melania alikufa kwa malale mtoto akiwa na miaka mitano. Nilisema jina langu lililo katika karatasi za shule niliandika mimi kwa mkono wangu, kwa kujua, na kwamba mtoto hakuwa na kosa. Vidole vya karani vilikuwa vinagonga, tak, tak, na kila neno lilikuwa linatoka mwilini mwangu likiwa zito, lakini lilikuwa linatoka. Nilipomtaja Melania kwa jina lake lote, Bibi alisema taratibu, "Ego," ndiyo ya Kiha, kama mtu aliyeitikiwa baada ya kubisha hodi kwa muda mrefu.

Kisha nikasema cha mwisho: kwamba tangu mama yake afe mtoto huyu ananiita mama, nami naitika.

Karani akasimamisha vidole. "Mheshimiwa, hiki nacho kinahitajika?"

Hakimu akaniuliza, "Ni kweli?"

"Ni kweli."

"Basi kiandike."

Kikaandikwa. Kifungu cha nne. Nikasaini, Bibi akaweka kidole gumba, na tukaenda kula chapati kwa Mama wa Kimanyema pale sokoni, Bibi akimsimulia kila aliyeketi karibu kwamba mjukuu wake anakwenda kufuga mbung'o wa Wazungu.

Wiki sita baadaye pasi yako ilirudi ikiwa na muhuri. Zilibaki siku chache, unazijua, ulizihesabu kwa sauti mpaka nikakufukuza nyumbani. Ungekuwa na wiki tatu zaidi za kupumua kama si mimi. Na kama posta ingechelewa kidogo tu, leo usingekuwa Busunzu unaaga. Ungekuwa hapa, mkabala nami, unasahihisha madaftari, na nisingekuambia kamwe kwa nini. Tungekuwa na furaha. Hilo ndilo linalonitisha: tungekuwa na furaha kweli, na ningekuwa nimekuibia.

Kwa hiyo sina hekima kubwa ya kukupa. Nina hili dogo ambalo limenigharimu. Upendo wangu ulikuwa wa kweli na ulikuwa unadanganya, vyote viwili kwa wakati mmoja, na sikuweza kuona uongo kwa sababu nilikuwa natazama upendo. Wewe umezoea kutazama kitu kama kilivyo. Ukimpenda mtu huko uendako, au kazi, au hata wazo lako mwenyewe kuhusu huyo mdudu, mtazame pia kwa hadubini yako. Ukiona nambari hazikubali unachokitaka, amini nambari. Nami siku moja nilikuambia, ulipokuwa na miaka kumi na mmoja na yule bwana shamba aliyekuwa akinichumbia alikuwa ameacha kuja kwangu, "Usingekuwa wewe..." Sikumaliza. Najua ulimalizia kichwani. Haikuwa kweli. Aliuliza huyu mtoto wa nani, nikamjibu wangu, akachukua kofia yake. Sikumkosa hata kwa wiki moja. Kama umeibeba sentensi ile miaka yote, ishushe hapo ulipo, dirishani mwa treni.

Na sasa niache nijivune, maana nimekaa na fahari hii siku nyingi nikijifanya mtu mzima. Jana ofisini mwalimu wa hesabu aliniambia, "Mwalimu, mwanao anakwenda Ulaya kusomea inzi? Kwani hapa wamekwisha?" Nikamwambia, "Hapa wapo wa kutosha. Hadubini ndizo hazipo." Wakacheka wote. Lakini baadaye mkuu wa shule alichukua gazeti la ukutani la wanafunzi akaandika jina lako yeye mwenyewe kwa kalamu nyekundu, na watoto wa darasa la tatu wakaja mlangoni kwangu kuuliza kama ni kweli kwamba mtu anaweza kulipwa kwa kuhesabu wadudu. Nikawaambia ni kweli. Mmoja wao, yule mdogo wa fundi baiskeli, ameanza kubeba kiberiti. Sikukitupa. Nimempa daftari.

Kibali chako ni cha mwaka mmoja. Nimesoma masharti yote, mstari kwa mstari, unanijua. Kila mwaka utakwenda ofisini kwao na fomu mpya, na kila fomu itakuwa na ule mstari mmoja. Mwaka wa kwanza mkono wako utasita. Utanifikiria mimi hapa mezani, utaona kama unanitupa. Usisite. Andika Melania. Liandike lote, kwa herufi kubwa, kwa wino usiofutika. Alikubeba, akakunyonyesha, akakuita kwa jina langu alipokuwa haoni tena mtu, na mimi nimemnyima mstari wake kwa miaka kumi na minane. Mrudishie, kila mwaka, kwenye ofisi ya watu wasiomjua, mpaka nao wamzoee.

Mimi mstari wangu ninao. Ni kifungu cha nne, na upo katika jalada lako huko uendako, umegongwa muhuri wa mahakama ya Kasulu.

Lori la Busunzu limesimama barabarani. Nakusikia ukibishana na dereva kuhusu mzigo; bila shaka Bibi amekupa maharage ya kupeleka Ubelgiji. Nimeshakunja kurasa za mwanzo. Kuku wanakimbia uani, viatu viko kizingitini.

Umeita. Ngoja niitike.

Mama